MOFU: NILIFUATA MPUNGA, NIKAKUTA SABUFA

Natumaini mfuko wako haujatoboka sana. Wa kwangu mie ulishatoboka zamani, ila sikuwa nalijua tundu lenyewe liko wapi. Mpaka nilipokwenda Mofu. Ndiyo, Mofu hiyo hiyo ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kule mchele unakotoka kabla haujafika kwa mama ntilie wako. Hebu vuta kigoda nikupe kisa.

Mdogo wangu wa kike alichaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni. Nyumbani kwetu Buguruni ilikuwa vigelegele, maana mimi kaka mtu niliishia kidato cha nne, na cheti changu nakificha kama barua ya mapenzi. Lakini vigelegele havinunui godoro. Ada ya kidato cha tano na cha sita serikali iliifuta mwaka 2022, sawa, tunashukuru. Ila godoro, tranka, mashuka, ndoo, sare na nauli hakuna aliyevifuta. Mama alipiga hesabu usiku kucha, asubuhi akatua kwenye jina moja: shangazi wa Mofu.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa ameahidi tangu Januari kwamba mpunga ukivunwa, gunia tatu ni za mtoto. Mwezi wa saba ukafika, mavuno yamepamba moto. Mama akaniambia, "Wewe si huna ajira ya kueleweka? Nenda kaufuate huo mpunga."

Basi nikajiandaa. Nikapiga pamba za nguvu: raba nyeupe za elfu tisini kutoka Kariakoo, jinsi, miwani ya jua, na ile simu yangu ya kioo niliyoikopa, ya kulipia shilingi elfu moja na mia tano kila siku kwa mwaka mzima. Washkaji wa kijiweni wakanisindikiza kwa macho. Nikajiona kama mtu anayekwenda kufunga ndoa, kumbe nakwenda kubeba viroba.

SAFARI YA KUNUNUA NJIANI

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Tulipoingia Msamvu, Morogoro, vijana wakalizingira na bidhaa zao juu juu. Mimi sikuwa na shida ya kitu chochote, naapa. Lakini basi likianza kusogea, ule ujanja wa "bosi, malizia elfu tano!" unakuingia akilini kama pombe. Nikanunua spika za masikioni. Nikanunua na tochi yenye feni. Msomaji, uliona wapi tochi yenye feni? Spika zilikata roho kabla hatujafika Mikumi. Feni ilijitahidi, ilizunguka mpaka Kidatu.

Na ajabu ni kwamba vitu vizuri vyote vya njia ile ni vya bure. Barabara inaikatiza Hifadhi ya Mikumi, unawaona tembo na pundamilia bila kulipa senti. Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unakata kushoto. Unavuka Mto Ruaha Mkuu, unapita kwenye miwa ya Kilombero mpaka macho yanaona kijani tu. Kuanzia hapo milima ya Udzungwa inakusindikiza mkono wa kulia. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na ndani yake kuna maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170. Mie wakati wote huo nilikuwa nimeinama nahangaika na spika mbovu.

Ifakara tulifika jua likiwa linateremka. Ni mji wa baiskeli na mchele, na wenyeji hawana haraka ya kijinga. Nikalala kwa jamaa yetu mmoja, asubuhi nikapanda Noah iliyojaa kama kopo la dagaa, nikamalizia na bodaboda hadi Mofu. Raba zangu nyeupe zikawa zimepata rangi ya ardhi ya huko.

BONDE LENYEWE

Mofu iko kwenye tambarare ya mafuriko ya Mto Kilombero. Upande mmoja Udzungwa, ng'ambo ya mto milima ya Mahenge, katikati ni bapa kama sinia. Masika mto unafurika na kulilaza bonde, maji yakirudi yanaacha udongo ambao mpunga unaupenda kuliko mtoto anavyopenda pipi. Eneo hili la karibu kilomita za mraba 8,000 liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Ni nchi ya sheshe, swala wa rangi ya dhahabu anayependa kukaa karibu na maji, ingawa siku hizi wamepungua sana.

Wenyeji wa asili ni Wandamba, watu wa mto na mitumbwi. Sasa utakuta Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wasukuma, kila mtu. Msimu wa kilimo wengi huhamia mashambani, wanajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wanalala huko wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe.

Mwezi wa saba Mofu inapendeza, msomaji. Mpunga uko kwenye turubai, kambale na perege wako kwenye sufuria, watu wana hela. Na wenye kunusa hela wamefika. Vijana wa bodaboda wamepakia mabeseni, chupa za chai, mazulia ya plastiki, vijora, mapazia, redio. Huna fedha? Si neno, wanapokea mpunga. Beseni ndoo kadhaa, chupa ya chai ndoo kadhaa. Niliwaona akina mama wanapima mpunga huku wanacheka, na yule kijana anatingisha ndoo ili mpunga ushuke, aongezewe tena. Wanunuzi wa jumla nao wana lumbesa zao, gunia lililovishwa kilemba mpaka likawa na kichwa cha pili.

SABUFA

Nilimsikia binamu yangu kabla sijamwona. Muziki ulikuwa unadunda kutoka uani kwa shangazi hadi majani ya mgomba yanatetemeka. Sabufa! Nyeusi, ina taa za rangi rangi, imekaa kwenye kiti kama mgeni rasmi, na sisi wageni wa kweli tukapewa mkeka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu, umekonda."

Shangazi ananiita baba kwa sababu ndiye niliyerithi jina la baba yake. Tukala wali wa mpunga mpya na kambale. Wali ule hauhitaji mboga, harufu yake tu inatosha. Nikangoja, mpaka chai ya usiku ilipokwisha nikaingiza mada: "Shangazi, mama anasalimu. Kasema zile gunia tatu..."

Sabufa ikazimwa. Binamu akaondoka kwenda "kuangalia kitu". Shangazi akasema, "Tutaongea kesho, baba. Umechoka."

Hapo moyo ukanipiga paa.

Kesho yake tukaenda shambani, tukapanda kwenye dungu. Shangazi akaniambia bila kuzunguka. Mwezi wa pili, mpunga ukiwa bado kijani, chakula kimepungua na maji yanakuja, alipita mfanyabiashara mwenye fedha mkononi. Anatoa elfu arobaini sasa, mavuno anachukua gunia. Binamu akachukua za gunia sita, shilingi laki mbili na arobaini. Laki na thelathini akanunua paneli ya sola na betri, laki na kumi akanunua sabufa. Mwezi wa saba mwenye mali akaja na lori lake, akabeba gunia sita. Siku ile niliyofika, gunia moja pale Mofu lilikuwa elfu themanini na tano.

Piga hesabu mwenyewe. Sabufa ya laki na kumi iliondoka na karibu gunia tatu, yaani mpunga wa zaidi ya laki mbili na thelathini. Gunia tatu, msomaji. Godoro la mdogo wangu, tranka lake, mashuka yake na nauli yake, vyote vilikuwa vinadunda pale uani na taa za rangi rangi.

Nikapandisha hasira. Nikaanza, "Huyu kijana hana akili hata..."

Shangazi akanikata. "Mwaka jana ulipokuja, ulimwambia nini?"

Nikanyamaza, maana nilikumbuka. Mwaka jana nilikuja na spika ndogo, nikaifungulia hapo hapo uani, nikamwambia binamu mbele ya wasichana wa jirani, "Nyie huku mnaishi zama gani? Hata muziki hamna!" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Haya," akaendelea shangazi, "hizo raba ulizovaa ni gunia ngapi?"

Nikahesabu. Elfu tisini. "Moja na kidogo, shangazi."

"Umevaa gunia miguuni, baba. Na hiyo simu?"

Nikaitoa niipigie hesabu. Kioo kikaandika maneno makubwa: simu imefungwa, lipa deni lako. Siku tatu nilikuwa sijalipa. Haikubali kupiga, haikubali hata kikokotoo. Ikabidi nihesabu kwa kijiti kwenye vumbi la dungu. Elfu moja na mia tano mara siku 365 ni 547,500. Simu yenyewe dukani, kwa fedha taslimu, ilikuwa kama laki tatu. Gawanya kwa elfu themanini na tano... gunia sita na nusu, kasoro kidogo.

Binamu aliuza gunia sita zikiwa kijani. Mimi sita na nusu. Tofauti ni kwamba yeye angalau alilima.

UTETEZI WA BINAMU

Jioni nikamfuata binamu kwenye mto, tukakaa. Sikumpigia kelele tena, kwa sura gani? Akajitetea mwenyewe: "Kaka, wewe ukichoka unakwenda kijiweni, unatazama mpira, unakwenda Kariakoo kuona watu. Mimi hapa jua likizama ni giza na mbu. Nilitaka na kwangu watu waje."

Utasema mjinga? Mimi sikuweza. Akaniambia jambo jingine: ile sola inamlipa. Anachaji simu za watu shilingi mia tatu moja, siku nzuri simu kumi. Tangu Machi imekaribia kurudisha mpunga wake wote. Sasa kasheshe ni kwamba sabufa ikipigwa saa mbili tu, betri imekwisha, na simu za wateja zinarudi nusu. Kwa hiyo sola inaleta, sabufa inakula. Vilinunuliwa siku moja, kwa deni moja, na mtu mmoja. Kimoja kina maana, kingine kinamrudisha nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba shida si kununua. Wapo wanaohubiri kama vile kila kitu cha dukani ni shetani. Muulize shangazi. Yeye alikuwa msichana miaka ile ya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati sabuni, sukari na kanga vilikuwa vya foleni. Anakumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 chini ya Sokoine, watu wakitupa bidhaa porini usiku kwa hofu. Halafu mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ikaanza kufunguliwa, akaja Mzee Rukhsa mwaka 1985, mitumba ikajaa mpaka vijijini. "Usiniambie kukosa ni kuzuri," alisema. "Nimejifunga kanga moja miaka mitatu. Sitaki turudi huko."

CHANDARUA CHA 1999

Kisha akanionyesha kitu. Kwenye bustani yake ya mchicha pale nyumbani kuna wavu mkuukuu unaozuia kuku, umechanika, rangi haijulikani. Akasema, hicho ni chandarua alichonunua mwaka 1999, binamu akiwa mchanga. Cha Zuia Mbu.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Miaka ile ya mwisho ya tisini watafiti wa malaria wa Ifakara walikuwa na mradi ulioitwa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua na dawa yake havikugawiwa bure, viliuzwa madukani na vijijini kwa jina hilo la Zuia Mbu. Watu maskini wa bonde hili wakatoa fedha yao ya mpunga wakanunua. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet: kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi. Dunia nzima ikaja kujifunza kwa wanunuzi wa Kilombero.

"Niliuza mpunga," alisema shangazi, "na baba yake alinuna, alitaka redio. Lakini nilikinunua Februari. Mwezi wa njaa. Kitu unachokubali kukinunua Februari, hicho unakitaka kweli. Mwezi wa saba kila kitu kinapendeza."

Nikamwomba arudie. Hakurudia, alikwenda kupepeta mchele.

NILIRUDI NA NINI?

Shangazi alitaka nichukue gunia tatu kutoka ghalani kwake. "Ahadi ni deni," alisisitiza. Nikaingia mle ghalani nikaangalia. Nikaona kabisa kwamba nikizitoa hizo tatu, Februari atakaa mlangoni akimsubiri yule mwenye elfu arobaini. Nikakubali moja. Tulivutana sana, mwishowe akaniruhusu, lakini sikupenda jinsi alivyoinamisha uso. Binamu akanipa elfu thelathini za kuchaji simu. Sabufa hakuiuza, wala sikumwomba. Alinisindikiza hadi kwenye bodaboda akasema, "Mwambie mdogo wangu asome." Basi.

Dar nikaziuza raba zangu kijiweni. Zile za elfu tisini, msomaji, zilizovaliwa wiki tatu, nilipata elfu thelathini na tano, na mnunuzi alilalamika tope la Mofu halijatoka vizuri. Tochi yenye feni hakuna aliyeitaka hata bure. Tukauza gunia, tukaongezea hizo, tukanunua godoro. Tranka tuliazima kwa jirani, nikalipaka rangi mwenyewe. Mashuka ya mtumba, Ilala, mazuri kuliko mapya. Dada mtu kaondoka na ndoo ya nyumbani na jembe la kuazima. Vilipungua viwili vitatu, hakuzungumza. Hilo ndilo linaloniuma.

Simu nimeilipia ikafunguka. Bado nadaiwa miezi mitano. Siwezi kukudanganya kwamba nimeokoka, juzi nimepita Kariakoo na miguu ikataka kusimama yenyewe. Lakini siku hizi nina maswali mawili ya dungu, nakuachia na wewe.

La kwanza, hiki ni gunia ngapi? Kama hulimi, geuza kiwe siku zako za kazi. Ukilipwa elfu kumi kwa siku, raba za elfu tisini ni siku tisa za jua na kelele za bosi. Na kama ni cha mkopo, hesabu jumla yote mpaka mwisho, usihesabu ile elfu na mia tano ya leo.

La pili, ningekinunua Februari? Sisi wa mjini mwezi wa saba wetu ni tarehe ya mshahara, na Februari yetu ni tarehe ishirini, pale unapokunywa chai kavu na kukwepa simu ya mwenye nyumba. Ukiona kitu kinakuita mwisho wa mwezi, kiambie kisubiri tarehe ishirini. Kama bado unakitaka, kinunue, ukifurahie, na asikucheke mtu. Kama umekisahau, basi umeokoa gunia.

Na nyongeza moja kwa wale wenzangu tunaopenda kwenda vijijini kutanua: chunga mdomo wako uani kwa watu. Neno ulilolitupa kwa mzaha, mwenzio anaweza kulilipia kwa mpunga wa kijani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mimi huyooo, kwa miguu na kandambili zangu.